De Havilland, kutoka ndege za kitambaa hadi "Bombadia": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Panda ndege ya Air Tanzania kwenda Dodoma au Songea, halafu usikilize abiria. Mmoja ataiita Bombadia, mwingine atasema pangaboi kwa kejeli kidogo, na mwenye macho makali atauliza hili jina De Havilland limetoka wapi. Swali hilo la tatu ndilo lenye hadithi ndefu. Nimekusanya hapa maswali ninayokutana nayo mara kwa mara. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa sentensi chache tu.

Hii ndege ni Bombadia au ni De Havilland?

Ni zote mbili, inategemea unazungumzia mwaka gani. Ndege yenyewe inaitwa Dash 8. Ilibuniwa na De Havilland Canada, na ya kwanza iliruka tarehe 20 Juni 1983. Mwaka 1986 Boeing waliinunua kampuni hiyo, wakaiuza kwa Bombardier mwaka 1992. Toleo refu tulilolizoea, la 400, liliruka mara ya kwanza Januari 1998 chini ya Bombardier. Kwa hiyo Air Tanzania walipopokea mbili za kwanza Septemba 2016, jina lililokuwa kwenye karatasi ni Bombardier.

Mwaka 2019 Bombardier, wakiwa njiani kuachana na ndege za abiria, waliuza mradi wa Dash 8 kwa kampuni ya Longview ya Kanada, nayo ikafufua jina la zamani. Mtaani hakuna aliyejali. Bombadia imebaki Bombadia, kama dawa yoyote ya meno ilivyobaki Kolgeti.

De Havilland lilikuwa jina la mtu?

Ndiyo. Geoffrey de Havilland alikuwa Mwingereza, alizaliwa tarehe 27 Julai 1882. Babu yake alimpa pauni 1,000, fedha nyingi sana wakati ule, naye akazitumia kutengeneza ndege pamoja na injini yake. Mkewe, Louise, alishona kitambaa cha mabawa. Ndege hiyo ilivunjika Desemba 1909 siku ile ile ya kujaribiwa. Akatengeneza nyingine, na hiyo ikaruka mwaka 1910.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akichora ndege kwa ajili ya kampuni ya Airco, na herufi DH mbele ya namba za ndege zake zinaanzia huko. Vita ilipoisha, oda zilikauka na Airco ikafa. Septemba 1920 akaanzisha kampuni yake mwenyewe huko Stag Lane, kaskazini mwa London.

Ubunifu wao wa kwanza wa maana ulikuwa upi?

Ukiniuliza mimi, ni Moth ya mwaka 1925, na sababu yangu ni bei. Kabla ya hapo ndege zilikuwa za majeshi, za mashirika, au za watu wenye utajiri wa kutisha. De Havilland alitaka ndege ya mtu wa kawaida, au tuseme ya daktari na mfanyabiashara: viti viwili, mabawa yanayokunjwa nyuma ili ndege iingie kwenye banda dogo, na injini isiyo na gharama.

Injini ndiyo ilikuwa kikwazo. Injini nyepesi yenye nguvu ya kutosha haikuwepo sokoni. Mhandisi Frank Halford akaitazama injini ya V8 iliyobaki kwa wingi baada ya vita, akachukua upande mmoja wenye silinda nne, akaunda injini mpya juu yake. Fundi yeyote wa Gerezani au Gikomba anaielewa akili hiyo. Baadaye Halford alibuni injini mpya kabisa, Gipsy, na ndege ikaitwa Gipsy Moth. Ndiyo aliyoirusha rubani Mwingereza Amy Johnson peke yake kutoka Uingereza hadi Australia Mei 1930.

Jina Moth maana yake ni nondo, yule mdudu wa usiku, si chuma cha kujengea. Geoffrey alipenda kuwachunguza wadudu hao, na ndege zake nyingi zikapewa majina yao. Mdogo wa ukoo huo, Tiger Moth ya mwaka 1931, alifundisha marubani wa Uingereza na makoloni yake kwa miaka mingi, na zilitengenezwa zaidi ya 8,000.

Ndege hizo zilifika Afrika Mashariki lini?

Mapema sana. Kati ya Novemba 1925 na Machi 1926, rubani Mwingereza Alan Cobham aliirusha ndege ya De Havilland, DH.50, kutoka London hadi Cape Town na kurudi, akipita ukanda wetu, ili kupima kama njia ya anga ya Afrika inawezekana.

Kisha mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, akaanzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi. Mtaji wake wa kuanzia ulikuwa Gipsy Moth moja. Baadaye zikaja Dragon na Dragon Rapide, ndege za mabawa mawili kila upande na injini mbili, zikabeba barua na abiria kati ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Uwanja wa Wilson unaoujua leo ulipewa jina la mama huyo mwaka 1962.

Rubani mkuu wa Wilson Airways alikuwa Tom Campbell Black. Oktoba 1934 yeye na C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia. Walitumia ndege nyekundu ya De Havilland iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya mashindano hayo, DH.88 Comet, wakafika katika saa zisizotimia 72. Kwa hiyo mmoja wa waliokamata usukani katika mbio kubwa kuliko zote za enzi hizo alikuwa amezoea viwanja vya nyasi vya Kenya.

Si kila hadithi ya Moth huku kwetu ni ya ushindi. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyeishi Kenya, alifia kwenye Gipsy Moth yake huko Voi, Mei 1931.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, shirika la East African Airways lilipoanza kazi Januari 1946, ndege zake za kwanza zilikuwa Dragon Rapide sita. Shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lilianza safari kwa plaiwudi na kitambaa.

Ni kweli walitengeneza ndege ya vita ya mbao?

Kweli kabisa, nayo iliitwa Mbu. Mosquito iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, wakati mataifa mengine yalikuwa yameshahamia kwenye chuma na alumini. Hoja ya De Havilland ilikuwa rahisi: vitani alumini itakuwa adimu na mafundi wake watakuwa na kazi nyingi, lakini maseremala watakuwepo. Na ndege laini, nyepesi, yenye injini mbili za Rolls-Royce Merlin, inaweza kukimbia kiasi kwamba haihitaji bunduki za kujilinda. Wakubwa wengi wa serikali waliona ni upuuzi. Aliyeutetea mradi, Wilfrid Freeman wa jeshi la anga, alidhihakiwa hadi ndege ikabandikwa jina la upumbavu wake.

Namna ilivyotengenezwa inanifurahisha kila nikiifikiria. Kiwiliwili kiliundwa nusu mbili, kushoto na kulia, kila nusu ikilazwa juu ya kalibu. Tabaka la plaiwudi nyembamba, katikati balsa ambayo ni mbao nyepesi mno, juu yake plaiwudi tena, vyote vikishikwa na gundi. Nyaya na mabomba yakapachikwa kila nusu ikiwa bado wazi, fundi amesimama kwa raha zake, ndipo nusu mbili zikaunganishwa kama ganda la karanga. Viwanda vya samani viligeuka kuwa viwanda vya ndege. Jumla zikatoka 7,781.

Udhaifu ulikuwepo. Kwenye joto na unyevu wa India baadhi ya gundi ilishindwa, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa unyevu unafanya nini kwenye plaiwudi. Gundi ya awali, iliyotokana na maziwa, ikabadilishwa na ya kemikali.

Mosquito nyingine zilivaa namba za kiraia na kuruka kati ya Scotland na Stockholm juu ya Norway iliyokaliwa na Wajerumani, zikirudi na vifaa kama beringi kutoka Sweden. Abiria alilazwa ndani ya shimo la mabomu. Mwanafizikia Niels Bohr alisafiri hivyo Oktoba 1943 na nusura afe kwa kukosa oksijeni.

Ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani ni ya Boeing, siyo?

Hapana, ni Comet ya De Havilland (jina ni lile lile la ndege ya mashindano ya 1934, ila hii ni ndege nyingine kabisa). Mwishoni mwa vita kampuni ilikuwa tayari na ndege ya kivita ya jeti, Vampire, iliyoruka Septemba 1943 kwa injini ya Goblin aliyoibuni Halford yule yule wa Moth. Desemba 1945 Vampire ikawa jeti ya kwanza kutua kwenye meli ya kubebea ndege. Kutoka hapo wakaamua kuruka hatua nzima: badala ya kutengeneza ndege kubwa zaidi ya propela kama Wamarekani, waende moja kwa moja kwenye jeti ya abiria.

Comet iliruka mara ya kwanza Hatfield, kiwandani kwao kaskazini mwa London, tarehe 27 Julai 1949, ikirushwa na John Cunningham. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Geoffrey na pia ya Cunningham mwenyewe. Injini nne zilifichwa ndani ya mashina ya mabawa, na vipande vingi vya bodi viliungwa kwa gundi maalumu ya metali pamoja na ribiti, yaani pini za kubania bati. Iliruka katika mita 10,000 na zaidi, juu ya sehemu kubwa ya hali mbaya ya hewa, bila mtikisiko wa injini za pistoni.

Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC la Uingereza likaanza safari ya kwanza duniani ya abiria wanaolipa kwa jeti. Haikwenda New York. Ilitoka London kwenda Johannesburg, ikitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima haikufika saa 24. Entebbe basi ilipata safari za kawaida za jeti ya abiria miaka sita kabla ya New York.

Kwa nini basi Comet zilianguka?

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni ajali za kuondoka. Rome Oktoba 1952 na Karachi Machi 1953, ndege zilishindwa kupaa kwa sababu bawa lilipoteza nguvu ya kunyanyua pale rubani alipoinua pua kupita kiasi. Ncha ya mbele ya bawa ikachorwa upya. Mei 1953 nyingine ikakatika ndani ya dhoruba karibu na Calcutta.

La pili ndilo zito. Tarehe 10 Januari 1954 Comet iliyoandikwa G-ALYP, ile ile iliyofungua njia ya Johannesburg, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba dakika chache baada ya kuondoka Rome. Watu 35 walikufa. Ndege zote zikasimamishwa, zikakaguliwa, zikafanyiwa marekebisho kwa kubahatisha, zikarudishwa angani mwezi Machi. Aprili 8 nyingine ikaanguka karibu na Naples, watu 21. Hapo cheti cha kuruka kikafutwa.

Uchunguzi uliofuata huko Farnborough, kituo cha serikali ya Uingereza cha utafiti wa ndege, ukiongozwa na Arnold Hall, naweza kusema ni mchango mkubwa wa Comet kuliko Comet yenyewe. Jeshi la majini liliopoa mabaki kutoka chini ya bahari likisaidiwa na kamera za televisheni. Wakati huo huo wahandisi walichukua ndege nzima, wakaizamisha kiwiliwili chake ndani ya tangi kubwa la maji huku mabawa yakitokeza nje, kisha wakawa wanasukuma maji ndani yake na kuyaachia, mara kwa mara, kana kwamba inapanda na kushuka. Walitumia maji kwa sababu bodi ikipasuka hairuki vipande kama ambavyo ingekuwa kwa hewa. Baada ya mizunguko 3,057, ikihesabiwa pamoja na safari zake za kweli, bodi ilichanika.

Jina la ugonjwa ni uchovu wa metali. Chukua kijiko cha alumini, ukikunje ushikio huku na huku: mara ya kwanza hakivunjiki, wala ya tano, ila mwisho kinakatika mkononi bila wewe kuongeza nguvu yoyote. Juu angani hewa ni nyembamba, ndani ya ndege imejazwa ili watu wapumue, kwa hiyo kila safari bodi inavimba kidogo na kunywea. Mkazo unakusanyika kwenye kona za matundu. Ufa unaanzia kwenye tundu la ribiti usiloweza kuliona, unakua, halafu siku moja unakimbia.

Matokeo hayakufichwa. Yalisomwa hadharani mbele ya tume na kuchapishwa, na kila mtengeneza ndege, wapinzani wakiwemo, akajifunza kupima bodi nzima kwa mizunguko maelfu kabla ya kuuza tiketi. De Havilland walitangulia njiani asubuhi, wakalowa umande, waliofuata wakapita pakavu.

Si ni yale madirisha ya mraba?

Karibu, lakini si hivyo hasa. Madirisha ya abiria hayakuwa mraba kamili, yalikuwa na kona zilizoviringwa. Kwenye mabaki ya Elba ufa ulionekana kuanzia kwenye tundu la antena juu ya paa. Kilichoshindwa kwenye tangi ni kona ya dirisha la mlango wa dharura. Kiini ni kona ya tundu, unene wa bati na namna ribiti zilivyopigwa. Comet 4 iliyokuja baadaye ilikuwa na bati nene zaidi na madirisha ya duara, na haikuwahi kupasuka hivyo.

Comet ilipata kutumika na shirika la Afrika Mashariki?

Ndiyo. East African Airways walipokea Comet 4 mbili mwaka 1960 na ya tatu mwaka 1962, wakazitumia kwenye njia ndefu kama Nairobi hadi London. Kutoka Dragon Rapide hadi jeti katika miaka 14, kampuni ni ile ile, si jambo dogo. Baadaye jeti nyingine za Kiingereza, Super VC10, zikachukua nafasi yao.

Kwa upande wa dunia, Comet 4 ya BOAC ndiyo jeti ya kwanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki, tarehe 4 Oktoba 1958. Wiki tatu baadaye Pan American, shirika la Marekani, wakaja na Boeing 707, kubwa zaidi na yenye kubeba watu wengi zaidi, na soko likahama. Comet zote zilizotengenezwa ni 114. Za mwisho za biashara ziliruka hadi 1980. Ile ya kijeshi iliyotokana nayo, Nimrod, ilistaafu mwaka 2011.

Kampuni ya Uingereza iliishia wapi?

Iliingia ndani ya Hawker Siddeley, kampuni nyingine kubwa ya ndege ya Uingereza, mwaka 1960, na miaka mitatu baadaye jina likaondolewa. Michoro haikufa. Trident, jeti ya abiria iliyoanza kama DH.121, tarehe 10 Juni 1965 ilikuwa ya kwanza kutumia mfumo wa kutua wenyewe ikiwa na abiria wa kawaida, jambo lililotokana na ukungu wa London. Na bawa la Airbus ya kwanza, A300, lilibuniwa Hatfield. Kiwanda cha Broughton, Wales, ambacho De Havilland walikichukua mwaka 1948, hadi leo kinatengeneza mabawa ya Airbus.

Na Kanada je, ilikuwa tawi tu?

Ilianza kama tawi la kuuza Moth, Toronto, mwaka 1928. Baada ya vita ikawa na akili zake. London waliota ndege za kwenda juu zaidi na kwa kasi zaidi, Toronto wakaangalia nchi yao: maziwa, misitu, theluji, vijiji visivyo na barabara. Wakauliza tunatuaje pale?

Walipobuni Beaver, iliyoruka tarehe 16 Agosti 1947, walianza kwa kuwauliza marubani wa porini wanataka nini. Majibu hayakuwa ya kisayansi. Walitaka milango mipana pande zote mbili kiasi cha kuviringisha pipa la mafuta la lita 200. Walitaka kuongeza oili ya injini bila kutoka nje kwenye baridi. Walitaka nguvu ya kuondoka, kasi waliona watajua mbele ya safari. Wakapewa vyote, na Beaver zaidi ya 1,600 zikatengenezwa.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaalamu uliowatambulisha: kupaa na kutua kwenye njia fupi. Siri iko nyuma ya bawa. Vile vibao vinavyoshuka wakati wa kutua huongeza mpindo wa bawa ili ndege ielee polepole bila kuanguka. Kwenye Twin Otter vibao hivyo vimeenea karibu bawa zima, vina mianya miwili ya kupitisha hewa, na hata vile vya ncha vinavyotumika kukata kona hushuka pamoja navyo.

Twin Otter ndiyo ile ndogo ya kwenda mbugani?

Mara nyingi ndiyo, ingawa siku hizi Cessna Caravan zimejaa zaidi na watu huzichanganya. Hesabu injini: Caravan ina moja puani, Twin Otter ina mbili kwenye mabawa. Twin Otter iliruka mara ya kwanza Mei 1965, hubeba hadi abiria 19, na magurudumu yake hayakunjwi. Muvalishe maboya atatua majini, kama anavyofanya kila siku Maldives. Muvalishe mbao za theluji atatua Ncha ya Kusini, kama alivyofanya Aprili 2001 kumchukua daktari mgonjwa wakati giza la baridi limeshaingia. (Ndiyo, nimeanza kuiita "yeye". Jina lake lenyewe maana yake ni fisi maji pacha.)

Utengenezaji ulisimama mwaka 1988, baada ya ndege 844, ukafufuliwa karibu miaka 20 baadaye kwa sababu hakuna aliyefanikiwa kuipatia mbadala.

Majeshi yetu yalizitumia?

Caribou na Buffalo, ndugu zake wakubwa wa kubebea mizigo na askari, zilitumikia Kenya na Tanzania. Katikati ya miaka ya 1960 Kanada ndiyo iliyosaidia kuanzisha kikosi cha anga cha JWTZ, na ndege zake zikaja nayo.

Dash 7 ilikuwaje, mbona haisikiki?

Ilikuwa na injini nne, kimya kwa kiwango cha 1975, na iliweza kutua katikati ya jiji. Juni 1982 moja ilitua kwenye gati la zamani la London kuthibitisha kwamba uwanja wa ndege unaweza kujengwa pale, na ndivyo London City ulivyopatikana. Ila injini nne ni matengenezo mara nne. Ziliuzwa chache, 113 tu, na funzo likaingia kwenye Dash 8 yenye mbili.

Pangaboi si teknolojia ya kizamani?

Hili ndilo swali lililozua mabishano mengi zaidi Tanzania mwaka 2016, na lilibeba siasa zaidi ya uhandisi. Nitajibu la uhandisi.

Ndani ya ile injini hamna pistoni. Ni turbini, kama ya jeti, ila nguvu yake inazungusha propela badala ya kutoka yote kama moshi wa nyuma. Propela husukuma hewa nyingi taratibu, jeti husukuma hewa kidogo kwa kasi. Kwa mwendo wa chini ya kilomita 700 kwa saa, njia ya propela inakula mafuta kidogo zaidi.

Jeti inalipa ikipanda juu na kukaa huko. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa anga ni takribani kilomita 400, hivyo jeti haijanyooka vizuri inaanza kushuka. Dash 8-400 husafiri kwa karibu kilomita 667 kwa saa, mwendo mkali kwa ndege ya propela, na kwa umbali huo tofauti na jeti haizidi dakika kumi. Air Tanzania wameiwekea viti 76. Kwa Mumbai ungetaka jeti. Kwa Songea, aliyeidharau alikuwa anatazama sura tu.

Herufi Q kwenye Q400 ni ya nini?

Ni ya utulivu, "quiet" kwa Kiingereza. Propela hupiga bodi kwa mawimbi ya hewa, na ndani ya ndege za zamani ungetoka masikio yanavuma. Tangu mwaka 1996 Dash 8 zina maikrofoni kwenye kuta za ndani zinazosikiliza mtikisiko, na vifaa vilivyofungwa kwenye mbavu za bodi vinatikisika kinyume chake ili kuuzima. Haijawa kimya kama msikitini, lakini unaweza kuongea na jirani.

Nilisikia magurudumu yake yana matatizo.

Yalikuwa nayo. Septemba na Oktoba 2007 ndege tatu za shirika la SAS la Skandinavia zilitua huku mguu mmoja umegoma, huko Aalborg, Vilnius na Copenhagen. Hakuna aliyekufa. Katika ya kwanza kutu ilikuwa imekula nyuzi za kiungo cha kusukuma mguu. Katika ya tatu kipira cha kuziba kilikuwa kimehama na kuziba njia ya mafuta ya hidroliki, kwa hiyo sababu hazikuwa moja. SAS waliamua kuachana nazo kabisa, vipuri na taratibu za ukaguzi vikabadilishwa, na mashirika mengine, Jambojet ya Kenya ikiwemo, yanaendelea kuzirusha.

Mwigizaji Olivia de Havilland ni ndugu yao?

Ndiyo, binamu yake Geoffrey upande wa baba.

Nikitaka kuziona au kuzipanda, niende wapi?

Ukiwa Uingereza, makumbusho ya De Havilland yako Salisbury Hall, London Colney, palepale Mosquito ya kwanza ilipoundwa. Comet 4 iko Duxford. Ile nyekundu ya Campbell Black ipo kwenye mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden.

Ukiwa huku, nenda Wilson, Nairobi, ukatafute safari ya Dash 8 au Twin Otter kwenda Mara. Ukibahatika kupata Dash 8, omba kiti cha dirishani karibu na propela. Bawa liko juu ya kichwa chako, kwa hiyo ndege ikishaacha lami utayaona magurudumu yakikunjwa kurudi nyuma na kuingia tumboni mwa injini, halafu milango yake inajifunga.